Waandishi wetu na mikono iliyotunza karatasi zao: uzi wa kuwakumbuka watunzi pamoja na wanakili

Mpwa wa Karani (mleta uzi)

Ndugu wanajamvi, salaam.

Mwezi uliopita tulikuwa tukigawana vyombo vya marehemu mjomba wangu pale Tanga mjini, na mimi nikaangukiwa na sanduku la bati ambalo hakuna mwingine aliyelitaka, kwa kuwa lilikuwa zito na limejaa karatasi tu. Mjomba alikuwa karani katika mashamba ya mkonge upande wa Pangani miaka ya 1950 na 1960. Ndani ya sanduku nimekuta madaftari 11 ya shule yenye mashairi yaliyoandikwa kwa wino wa buluu, vipande vya magazeti vilivyokatwa kwa wembe, na bahasha moja ya barua. Madaftari mawili ya chini yameliwa na mchwa kuanzia ubavu wa kulia, hivyo kila mshororo umebaki na ukwapi wake, lakini utao umekwenda. Ninaweza kuona mtunzi alianza kusema nini, ila alimalizia vipi sitajua.

Nimeleta uzi huu kwa sababu sisi ni hodari wa kusherehekea waandishi na wavivu wa kuwatunza. Mnakumbuka siku ya tarehe 7 Oktoba 2021, Abdulrazak Gurnah alipotangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Mitandao ilijaa pongezi, tukabishana siku nzima kama yeye ni wetu au ni wa Uingereza, na jioni watu wakaanza kuulizana kwa faragha kitabu chake kipi kinapatikana dukani. Riwaya yake ya Paradise ilitoka mwaka 1994, na ikasubiri hadi 2022 ndipo ikaja kwa Kiswahili kwa jina la Peponi, kwa kalamu ya Ida Hadjivayanis na kwa uchapishaji wa Mkuki na Nyota. Mtoto wa Zanzibar, aliyeandika habari za pwani hii na misafara ya bara, alikaa miaka 28 bila kusomeka kwa lugha ya mtaa aliozaliwa. Sisemi haya kumlaumu mtu. Nataka tuone umbali uliopo kati ya kupiga makofi na kufungua kitabu.

Hoja yangu ni hii: ukifuatilia kila mwandishi wetu mkubwa ambaye maneno yake yametufikia, nyuma yake utamkuta mtu mwingine, mara nyingi asiye na jina, aliyenakili, aliyeficha, aliyekariri au aliyekataa kutupa. Huyo naye ni sehemu ya historia ya fasihi, na sisi hatumhesabu.

Nianze na wa nyumbani kwetu. Shaaban Robert alizaliwa mwaka 1909 kijijini Vibambani, karibu na Machui, na amezikwa hapohapo Machui baada ya kufariki mwaka 1962. Vitabu vyake vinafahamika na sitavirudia. Ninachotaka mkitazame ni barua. Kuanzia mwaka 1931 hadi 1958, alipokuwa akihamishwa huku na kule kwa kazi ya ukarani serikalini, alikuwa akimwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge. Zilikuwa barua za ndugu kwa ndugu: afya, fedha, watoto, shida za kazini, na katikati ya hayo miswada na wachapishaji. Ndugu yule alizitunza. Mwaka 2002, miaka 40 baada ya kifo cha mwandishi, barua hizo zilichapishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili chini ya uhariri wa Mugyabuso Mulokozi. Leo anayetaka kujua Shaaban Robert alikuwa nani alipokuwa hajavaa joho la Shaaban Robert anakwenda kwenye barua hizo. Hebu fikirini kama siku moja, katika kufagia nyumba, mtu angesema karatasi hizi ni kuukuu, ziwashieni moto.

Na Shaaban Robert mwenyewe aliijua kazi hii ya kutunza wengine. Aliandika wasifu wa Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja aliyezaliwa Fumba na kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi sahani za santuri. Siti alifariki mwaka 1950, na wasifu ukachapishwa mwaka 1958. Mshairi alikaa chini akaandika maisha ya mwanamke aliyekuwa fukara wa kuuza vyungu, wakati ambapo wasifu ulikuwa ukiandikwa wa masultani na magavana. Kwangu mimi hicho ni kitabu chake cha kijasiri kuliko vingi, na ninajua wapo watakaonipinga.

Nitaendelea na Muyaka kesho, Mungu akipenda. Wenye masanduku ya namna hii majumbani, semeni.

Mtoto wa Kuze

Mleta uzi, umenigusa, ila usitukimbie na Muyaka hadi kesho. Sisi wa Mombasa tunangoja.

Mpwa wa Karani (mleta uzi)

Haya, nisiwakalishe na njaa.

Muyaka bin Haji aliishi Mombasa kuanzia mwishoni mwa karne ya 18 hadi yapata 1840. Watu husema ndiye aliyeutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni, na usemi huo una haki yake, kwa sababu kabla yake mashairi yaliyohifadhiwa ni ya dini kwa wingi, ilhali yeye aliimba bei ya vitu, ujanja wa wapenzi, njaa, marafiki wanafiki, na vita vya Mazrui, watawala wa Mombasa, na Sayyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar. Mazrui walishindwa mwaka 1837, na Muyaka akafariki muda mfupi baadaye. Hakuacha diwani iliyopangwa. Mashairi yake yalibaki vinywani mwa watu na katika karatasi za hapa na pale.

Aliyeyaokoa ni Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, msomi wa Mombasa aliyefariki mwaka 1890. Takriban nusu karne baada ya mtunzi kuzikwa, yeye alizunguka akiyakusanya, na hakuridhika na mashairi peke yake, bali alitaka kujua kila shairi lilitungwa kwa tukio gani na lilimlenga nani. Alifanya kazi hiyo pamoja na mmisionari Mwingereza, William Taylor, na karatasi za Taylor ndizo zilizomfikia William Hichens, ambaye aliichapisha diwani mwaka 1940 huko Johannesburg. Mwaka 1979 Mohamed Abdulaziz akaja na kitabu chake kikubwa juu ya Muyaka, na hapo tukapata kumsoma mshairi akiwa katika mji wake na zama zake.

Hesabuni mikono: watu wa Mombasa waliokariri, Sikujua, Taylor, Hichens, Abdulaziz. Jina lililoandikwa kwenye jalada la mwaka 1940 ni la Muyaka na la Hichens. Sikujua yumo ndani, kwenye maelezo. Ninasoma mashairi ya kijembe ya Muyaka na kucheka peke yangu, kisha nakumbuka kwamba nisingejua hata anamcheka nani kama Mwalimu Sikujua asingeuliza.

Mtu wa Langoni

Assalamu alaykum. Mimi ni mtu wa Lamu, na kama mada ni wanakili basi msimsahau Muhamadi Kijumwa, la sivyo uzi huu utakuwa na pengo la mlango.

Kijumwa aliishi Lamu tangu miaka ya 1850 hadi 1945. Alikuwa fundi wa kuchonga milango, mwanamuziki, mtunzi na mwandishi wa khati. Yeye ndiye aliyeuandika utenzi wa Fumo Liyongo mwaka 1913, akiyatia katika beti masimulizi yaliyokuwa yakisimuliwa pwani kwa karne nyingi. Lakini kazi iliyomlisha, na iliyotulisha sisi, ni kunakili. Watafiti kutoka Ulaya, Alice Werner, Hichens na Mjerumani Ernst Dammann, wote walipata kwake nakala za tendi na mashairi ya kale, na wengine walimwandikia barua tu, naye akanakili na kutuma kwa posta.

Nimewahi kuziona picha za kurasa zake. Kila ubeti wa utenzi umelala kwenye mstari mmoja, vipande vinne vikifuatana, na baina ya kipande na kipande kuna alama ya kituo iliyochorwa kama pambo, si nukta ya haraka. Unaona dhahiri kwamba mkono ule ulizoea patasi. Na mwishoni anajitaja: mimi ndiye niliyeandika, na siku fulani. Alijua kwamba mnakili asipojitaja hakuna atakayemtaja.

Kuna jambo la pili ambalo vijana wengi hawalijui. Khati za Kiarabu tulizotumia hazikuwa na herufi kwa kila sauti ya Kiswahili. Kwa mtindo wa zamani, bata na pata huandikwa sawasawa, toa na tua huandikwa sawasawa, tita na teta vilevile. Kwa hiyo ukurasa wa Kijumwa haujisomei wenyewe. Anayeusoma lazima awe anaijua lugha ya Lamu, mizani na kisa chenyewe, ndipo ajue hapa ni toa na pale ni tua. Mwalimu wa kusoma khati hizo akifa bila mwanafunzi, waraka unabaki upo na haupo.

Kuhusu huyo Dammann, nitasema ukweli ulivyo. Alikuja Lamu na mkewe miaka ya 1930, akakusanya kwa bidii ambayo sijaona mfano wake, na alikuwa mwanachama wa chama cha Hitler. Miswada ya babu zetu imelala Ujerumani salama, imepigwa picha na kuorodheshwa, kwa sababu ya mtu ambaye kwa itikadi ya chama chake sisi tulikuwa watu wa daraja la chini. Sijui niihisi vipi hali hiyo. Nashukuru zipo, basi.

Msomaji wa Kariakoo

Nimesoma kwa heshima, lakini niruhusiwe kutia mchanga kidogo kwenye pilau. Kila ukifunguliwa uzi wa waandishi, tunaanzia Pate, kule visiwa vya Lamu, na kuishia Machui. Mimi nilijifunza kupenda kusoma kwa vitabu vya mfukoni vilivyotandikwa chini kwenye turubai. Faraji Katalambulla alitoa Simu ya Kifo mwaka 1965, na baada yake lilikuja jeshi zima. Elvis Musiba alitupa Willy Gamba, mpelelezi aliyetufanya tuamini kwamba Afrika nayo ina watu wake wa kuingia hotelini kwa koti safi na kutoka na siri za kaburu. Ben Mtobwa alitupa Joram Kiango. Vijana waliokataa kusoma kitabu cha shule walikuwa wanakodishana vitabu hivi kwa siku, tena kwa zamu.

Leo nioneshe ni wapi naweza kukuta toleo la kwanza la vitabu hivyo, lenye jalada lake. Vilichapwa kwa karatasi hafifu, vikabanwa kwa pini mbili, na vilisomwa mpaka vikaoza. Hilo ndilo kaburi la kitabu kinachopendwa: kinasomwa hadi kinakwisha. Kitabu kisichopendwa kinakaa rafuni kikiwa kipya, na miaka 50 baadaye mtafiti anakikuta na kuandika kwamba hicho ndicho kilichokuwa fasihi ya zama zile.

Na wasomi wetu wana lawama. Kwa miaka mingi waliziita hizi fasihi pendwa kwa sauti ya mtu anayeshika kitu kwa ncha za vidole.

Mpwa wa Karani (mleta uzi)

Msomaji wa Kariakoo, mchanga wako nimeupokea na sitautema. Katika vipande vya magazeti vya mjomba nimekuta pia kurasa za hadithi za mfululizo zilizoshonwa kwa uzi mweupe zikawa kama kijitabu. Sura ya nne haimo. Labda wiki ile hakuwa na senti za gazeti.

Jambo lako la kitabu kusomwa hadi kikaisha ni la kweli, na linanikumbusha kwamba magazeti yetu ndiyo maktaba kubwa kuliko tunavyodhani. Mambo Leo lilianza Dar es Salaam mwaka 1923, na kwa miongo kadhaa ukurasa wake wa mashairi ulikuwa baraza la nchi nzima: mtu wa Tabora anauliza fumbo, wa Lindi anajibu, wa Tanga anawakosoa wote wawili vina. Shaaban Robert alipitia humo kabla hajawa na kitabu. Waliokuwa wakijibizana naye ni wengi, na wengi wao hawakupata diwani. Ukitaka kuwajua, lazima ufunue gazeti ukurasa kwa ukurasa.

Bibi wa Ng'ambo

Wanangu, nimekaa kimya nikiwasoma. Hadi hapa mmemtaja mwanamke mmoja aliyeandikiwa wasifu na mwanamume, Bi Ida aliyetafsiri, na Bi Alice aliyekusanya. Mwana Kupona yuko wapi?

Mwana Kupona binti Mshamu alizaliwa Pate na aliolewa na Bwana Mataka wa Siyu. Akiwa mgonjwa kwa muda wa mwaka mzima, alitunga utenzi wa kumuusia binti yake, Mwana Hashima. Wengi wenu mnaujua kwa ugomvi tu: wengine wanauona kuwa minyororo ya mwanamke, wengine wanasoma ndani yake kejeli iliyofichwa. Bishaneni, ni haki yenu. Mimi nawaomba mwende kwenye beti za mwisho ambazo walimu huziruka. Humo mtunzi anasema jina lake ni nani na amezaliwa wapi, kisha anatia tarehe:

*Tarikhiye kwa yakini
ni alifu wa miyateni
hamsa wa sabini.*

Yaani mwaka 1275 wa Hijria, ambao ni 1858. Mwanamke anaumwa, anajua kwamba hatapona, na bado anahakikisha kwamba shairi halitatangatanga bila mwenyewe. Utenzi ulinakiliwa, ukasomwa na kukaririwa na wanawake wa Lamu vizazi kwa vizazi, na Werner na Hichens walipouchapisha mwaka 1934, jina halikuhitaji kubahatishwa, kwa kuwa mwenyewe alikwishalifunga ndani ya vina, pahala ambapo mnakili hawezi kulinyofoa bila kuharibu ubeti.

Mleta uzi, sasa nakuuliza wewe. Katika madaftari hayo 11 umesoma beti za kwanza au za mwisho? Sisi tulifundishwa kwamba mtunzi hujitaja kwenye kaditama.

Mwanafunzi wa Sheria

Shikamoo Bibi. Swali la haraka kwa mleta uzi: kama unataka kuyachapisha, haki ni za nani?

Mtoto wa Kuze

Hapa najibu mimi kabla ya wengine, kwa kuwa nimepitia. Kwa sheria za Tanzania na Kenya, hakimiliki ya maandishi hudumu maisha ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo mjomba wako akiwa amefariki juzi, haki ziko kwa warithi wake wote, si kwa aliyeangukiwa na sanduku. Kaeni kikao, muandikiane karatasi, wote watie saini. Marehemu baba yangu alipeleka mswada wa hadithi kwa mchapishaji mmoja ambaye sitamtaja, akaambiwa asubiri, akasubiri miaka saba, na alipokwenda kuudai akaambiwa ofisi ilihama na makabrasha mengine yalibaki kule. Hakuwa na nakala. Alipiga chapa yote ile kwa vidole viwili, na hakutia karatasi ya kaboni kwa sababu kaboni ilikuwa ghali.

Na kwa kuwa tunazungumzia karatasi, sisi wa Mombasa tuna ya kwetu. Abdilatif Abdalla alifungwa mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka alioupa jina la Kenya Twendapi. Mashairi ya Sauti ya Dhiki aliyaandika gerezani kwenye karatasi za chooni. Yalichapishwa mwaka 1973, na mwaka uliofuata kitabu kikapata tuzo ya fasihi yenye jina la Jomo Kenyatta, rais yuleyule ambaye serikali yake ilikuwa imemfunga. Ngũgĩ wa Thiong'o naye mwaka 1978, akiwa jela ya Kamiti, aliandika riwaya yake ya Kigikuyu kwenye karatasi za namna hiyohiyo. Karatasi ya chooni ya jela ilikuwa ngumu, ikavumilia wino. Sijui nimshukuru nani kwa ubahili huo.

Abdilatif alipotoka hakuishia kujitunza yeye. Ndiye mhariri wa kitabu cha mashairi ya Kamange na Sarahani, washairi wa Pemba, kilichochapishwa mwaka 2011. Mtu ambaye maneno yake nusura yafe jela amekaa kuokoa maneno ya watu waliokufa kabla yeye hajazaliwa.

Mhamiaji

Naandika kutoka Florida, na nitakuwa mfupi. Zora Neale Hurston, mwandishi Mmarekani mweusi, alifariki hapa Fort Pierce mwaka 1960 akiwa maskini, akazikwa bila jiwe la kaburi. Karatasi zake zilikuwa zimeanza kuchomwa uani na waliokuwa wakisafisha nyumba, askari mmoja mweusi aliyemfahamu akapita, akaona moshi, akauzima moto. Karatasi hizo ziko Chuo Kikuu cha Florida, nyingine zikiwa na kingo zilizoungua. Mwandishi mwenzake, Alice Walker, alikuja mwaka 1973 akamwekea jiwe. Na kitabu alichokiandika Hurston kwa kumhoji Kossola, mmoja wa watu wa mwisho walioletwa Marekani kwa jahazi la watumwa mwaka 1860, kilikaa kama mswada hadi mwaka 2018, kwa sababu wachapishaji walitaka ayabadilishe maneno ya mzee yawe ya Kiingereza safi, naye akakataa.

Askari yule hakuwa mwanafasihi. Alimjua jirani yake tu.

Mhifadhi wa Rafu

Nimefanya kazi ya maktaba kwa miaka 22 na nitamshauri mleta uzi mambo machache, kwa kuwa watu wengi huharibu wakidhani wanaokoa.

Usizitie karatasi hizo kwenye plastiki ya kupiga pasi. Plastiki ile haitoki tena, na joto huharibu wino. Usiunge palipochanika kwa selotepu, maana baada ya miaka gundi yake hugeuka ya manjano na kula karatasi. Pini na vibanio vyenye kutu vitoe taratibu. Kabla ya yote toa madaftari kwenye lile sanduku la bati, kwa kuwa bati hutoa jasho mvua za masika zikianza, uyaweke mahali pakavu penye hewa, juu ya meza, mbali na ukuta, maana mchwa hupanda kwa ukuta. Yale mawili yaliyoliwa yatenge kwanza na uyachunguze, usije ukawahamishia mchwa wengine.

Piga picha kila ukurasa hata usio na kitu, kwa mwanga wa dirishani asubuhi, bila tochi ya simu. Halafu uandike orodha: daftari la ngapi, ukurasa wa ngapi, mstari wa kwanza wa shairi, na chochote kilichoandikwa pembeni. Usipange upya. Mpangilio alioacha marehemu ni habari. Kipande cha gazeti kilichokuwa katikati ya ukurasa wa 6 na wa 7 hakikufika pale bure. Nyuma ya picha za watu andika majina kwa penseli laini, leo, wakati shangazi anayewajua bado anaona.

Vile vipande vya gazeti, rafiki yangu, jitahidi kutafuta jina la gazeti na tarehe. Aliyevikata kwa wembe aliikata tarehe akaitupa. Kosa hilo wanalifanya wote.

Mpwa wa Karani (mleta uzi)

Ndugu zangu, nimepotea siku tisa, niwieni radhi. Nilikuwa mezani kwa dirisha.

Mhifadhi wa Rafu, nimefanya ulivyosema, na orodha imefika mashairi 212. Mwanafunzi wa Sheria na Mtoto wa Kuze, kikao cha warithi kimefanyika Jumapili, na binamu zangu wameridhia kwa maandishi, ingawa mmoja aliuliza kama kuna pesa ndani yake, tukacheka sote, naye akatia saini.

Bibi wa Ng'ambo, nakujibu wewe kwa kirefu kidogo. Nilikuwa ninasoma beti za kwanza. Kwenye jalada la mbele la kila daftari nilikuwa nimeshaandika kwa penseli jina la mjomba na neno diwani, na nilikuwa nimeanza hata kufikiria dibaji. Baada ya swali lako nikafunua daftari la tano na kwenda moja kwa moja kwenye kaditama. Hati ni ya mjomba, haina shaka, ile n yake yenye mkia ninaijua tangu utotoni katika barua za ada ya shule. Lakini ubeti wenyewe unasema hivi:

*Kaditama namaliza, kalamu naweka chini,
Nami sasa nanyamaza, nisizidishe uneni,
Mtunzi ukiuliza, ni Mkiwa wa Pangani,
Karatasi anojaza, huyo ni wetu jirani.*

Nimepitia madaftari yote tena. Mashairi 67 yanamalizikia kwa Mkiwa wa Pangani. Mengine 31 yana jina la fundi mmoja wa mashine ya mkonge, na matatu yana jina la mtu aliyejiita Mgeni wa Kambi, ambaye Kiswahili chake kinaonesha ametoka mbali na alikuwa akijifunza vina papo hapo. Yanayobaki, hata yakiwa yote ya mjomba mwenyewe, yanazidi nusu kidogo tu. Nikakumbuka mama akisema kwamba kakaye alipokuwa shambani watu walikuwa wakimfuata jioni na viti vyao, na sisi tulidhani walikuja kuandikiwa barua.

Nimemuuliza mama Mkiwa wa Pangani ni nani. Alinyamaza kidogo akikunja kanga, kisha akasema kulikuwa na bibi mmoja mpika maandazi pale kambini, mjane, aliyekuwa akisema kwa mafumbo hata akikuuzia andazi, lakini kusoma hakujua. Jina lake la kweli analo mpwa mmoja aliyeko Mkwaja, na mama ana namba ya simu ya jirani yake.

Nimefuta penseli kwenye majalada. Kesho asubuhi nampigia huyo jirani wa Mkwaja.